Namna ya Kumpokea Njuka Bila Kumliza

Mwongozo huu ni wa bweni lolote la wasichana katika mkoa wa Songwe, kuanzia Mkwajuni hadi Itumba, kuanzia Mlowo hadi pale Tunduma malori yanapopanga foleni kuingia Nakonde, upande wa Zambia. Dada mkuu ausome, matroni ausome, na mkuu wa shule naye asiupitie juu juu, maana kuna sehemu inamhusu yeye peke yake. Lengo ni moja: njuka, yaani msichana mgeni aliyeteremka na tranka leo jioni, muhula ukiisha awe anasema "shuleni kwetu" bila kujishtukia. Shule nyingi zinaamini kazi hiyo imeshamalizwa na bango la "Karibuni Kidato cha Kwanza" lililotundikwa getini. Bango ni zuri, liacheni. Ila bango halilali bwenini.

Tranka

Anzeni na tranka. Fomu ya kujiunga inadai godoro, shuka mbili, ndoo mbili, jembe lenye mpini, reki, fagio, rimu ya karatasi, na orodha inaendelea hadi mzazi anauza mahindi aliyoyaweka ya kula Februari. Siku ya kuripoti, binti wa mfanyabiashara wa Tunduma anashushwa na gari, tranka linang'aa, kufuli bado lina karatasi ya dukani. Binti wa Kamsamba, kule chini kwenye bonde la Ziwa Rukwa, amepanda bodaboda, akapanda Noah, akapanda Kosta, na tranka alilokuja nalo lina jina la mjomba wake aliyesoma zamani. Wamelipaka rangi upya, lakini jina bado linasomeka.

Kisha inafuata ile desturi ya ukaguzi. Matroni anafungua tranka koridoni, kidato cha tatu wamejipanga ukutani kutazama, na kitu kimoja kimoja kinainuliwa juu: sweta la kaka, chupi iliyotiwa kiraka, kanga iliyochanwa vipande vya kutumia siku za hedhi, karanga ndani ya kopo la majarini. Msichana bado hajaonyeshwa choo kiko wapi, na tayari ameshapangiwa daraja. Hata Baraza la Mitihani halitoi matokeo kwa kasi hiyo.

Ukaguzi ufanyike chumbani, mlango umefungwa, msichana na matroni basi. Kinachotafutwa ni simu na dawa zisizojulikana. Kiraka cha chupi hakimo kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa. Kilichopungua kiandikwe kwenye daftari la matroni, kisitangazwe. Na kabla hamjampigia mzazi simu kudai jembe, fungueni stoo. Kidato cha nne wakimaliza mitihani huacha ndoo, majembe na magodoro ambayo hawana haja ya kuyabeba. Yaoshwe, yaanikwe, na Januari wapewe wasio navyo wakati wenzao wako kwenye chakula.

Wa kidato cha tano wanakuja Julai, na wanatoka Tanzania nzima. Mtwara, Tanga, Kigoma. Julai ya Vwawa na Tunduma ni baridi ya kung'ata, na binti aliyekulia pwani amekuja na shuka mbili nyepesi kama fomu ilivyomwagiza. Fomu hizo zinaandikwa na watu wanaoishi hapa. Waongeze mstari mmoja unaosema "blanketi zito". Ukiwa unatetemeka usiku kucha, hakuna hotuba ya karibu itakayokupasha moto.

Majina

Kila bweni lina kamati ya kubatiza ambayo hakuna aliyeichagua. Inakaa taa zikishazimwa, na mjumbe wake hodari ni yule aliyebatizwa vibaya mwaka juzi. Mrefu anaitwa Mlingoti. Binti wa wafugaji kutoka Momba anaitwa Maziwa. Binti wa Tunduma, atake asitake, anaitwa Mzambia. Neno njuka lenyewe siligombi, limetupitia wengi. Lipewe wiki mbili, kisha lizikwe. Hayo mengine yavunjwe pamoja na kamati yake, na anayetaka jina la utani ajichagulie mwenyewe.

Hilo la Mzambia linahitaji maneno zaidi. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka, kwa sababu Waingereza na Wajerumani walipokubaliana mwaka 1890 juu ya nani achukue wapi, hawakuuliza nani ni shangazi wa nani. Binti wa Tunduma ana bibi Nakonde, anabadilisha kwacha kwa shilingi kichwani kabla hujatoa kalamu, na huenda Kibemba anakisikia. Huyo ni mtu mwenye elimu ya ziada. Mwekeni mbele katika darasa la biashara, na acheni kumuuliza atarudi lini kwao. Kwao ni mkoa huu huu alipokaa.

Mwalimu mgeni naye ana somo lake hapa. Kwa Wanyamwanga, ukoo mmoja huandikwa kwa namna mbili: mwanamume huanza na Si, mwanamke huanza na Na. Baba Siwakwi, mtoto Nawakwi. Mwalimu akikuta hivyo kwenye cheti cha kuzaliwa asidhani kimeghushiwa, na asimrudishe mtoto nyumbani akarekebishe jina lisilo na kosa. Edith Nawakwi alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa waziri wa fedha wa Zambia, na jina lake halikuhitaji kurekebishwa.

Kibao

Shule ya msingi ya serikali hufundisha kwa Kiswahili, sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Kwa hiyo mwezi Januari mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani huko Msangano anaamka bubu, na jirani yake aliyesoma inglishi midiamu anaonekana profesa. Halafu shule inaleta kibao cha mbao, anayeongea Kiswahili anavishwa shingoni, jioni waliokivaa wanadeki vyoo. Kibao hakijawahi kumfundisha mtu sarufi. Kinachomfundisha ni kunyamaza, na msichana aliyenyamaza darasani miezi mitatu hawezi kuuliza swali la fizikia mwezi wa nne.

Chomeni kibao jikoni, kitapasha uji. Kisha wakati wa prepo waketi wawili wawili: wa inglishi midiamu na wa Msangano, dawati moja, daftari wazi. Huyu asahihishe insha ya mwenzake, yule amwelekeze hesabu, maana shule zetu za msingi zimetoa watoto wengi wanaokokotoa vizuri kuliko wanavyoongea. Zikipita wiki chache watakuwa wanagombana kuhusu sabuni kama ndugu, na hiyo ni dalili nzuri. Anayechanganya l na r asichekwe mstarini. Nusu ya wanaocheka wanachanganya pia, ila hawajisikii.

Mwanafunzi mwenye mtoto

Sasa tufike kwa msichana ambaye mwongozo huu umeandikwa hasa kwa ajili yake.

Utafiti wa Demografia na Afya na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 uliangalia wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliowahi kushika ujauzito. Nchi nzima walikuwa asilimia 22. Songwe walikuwa asilimia 45, mkoa wa kwanza kwa wingi nchini. Wapange wasichana 20 wa umri huo kwenye kiwanja cha netiboli: tisa kati yao. Lakini ukiingia darasani huwakuti tisa, kwa sababu wengi walishaondoka, na kwa miaka mingi geti lilifungwa nyuma yao. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa la maadili au kwa kuolewa, na shule zikauhesabu ujauzito kuwa kosa la maadili. Juni 2017 Rais John Magufuli akatamka hadharani, mkoani Pwani, kwamba aliyepata mimba harudi shule. Novemba 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, Waziri wa Elimu wa wakati huo Profesa Joyce Ndalichako akatangaza kuwa wanaruhusiwa kurudi, na Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo ukatoka.

Waraka unamfikisha ofisini kwa mkuu wa shule. Kutoka ofisini hadi kitandani ni kazi yenu, na hiyo ndiyo safari ndefu.

Kwanza, alale na wenzake. Kuna shule inayomtengea chumba cha pembeni ili "asiwaharibu wengine". Ujauzito hauambukizwi kwa kulala dabo deka moja. Mpeni kitanda chumba kile kile cha kidato chake, na kama kuna mzazi atakayelalamika, mkuu wa shule ampokee, amkalishe, amsomee waraka taratibu hadi mwisho. Hiyo ndiyo sehemu niliyosema inamhusu yeye peke yake. Matroni hana mamlaka ya kumkabili mzazi mwenye hasira; mkuu anayo, na ndiyo sababu ana ofisi.

Pili, asitajwe mstarini, hata kwa mafumbo. Mwalimu wa nidhamu anayesema "wapo humu ambao tayari ni wazazi" amemtaja kwa sauti kuliko angemwita jina. Kama shule inahitaji mfano mbaya wa kuonyeshwa asubuhi, sheria imeshamtaja: Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya 2016, inampa kifungo cha miaka 30 anayempa mwanafunzi ujauzito. Yule dereva aliyekaa gesti siku tatu akisubiri foleni ya mpakani isogee, yule mwenye duka aliyemkopesha nauli, yule ndugu wa nyumbani ambaye kila mtu anamjua na hakuna anayemsema. Msichana amesimamishwa mbele ya mistari mingi ya shule katika nchi hii. Hao wengine sijawahi kusikia wamesimamishwa mbele ya mstari wowote.

Tatu, jina lake ni lile lililo kwenye rejista. "Mama Nanii" ni jina la heshima akiitwa na jirani zake nyumbani, akiwa amejifunga kitenge na mtoto mgongoni. Darasani, likitoka nyuma kwenye kicheko, ni jiwe.

Nne, maziwa. Hapa wasimamizi wengi hutazama pembeni, kwa hiyo nitasema wazi. Msichana mwenye mtoto mchanga aliyebaki kwa bibi, akikaa darasani kuanzia mstarini hadi mapumziko ya saa nne, kifua kinajaa na shati linalowa. Shati la shule ni jeupe. Anakumbatia daftari kifuani, haandiki tena, hainui mkono, na mwalimu anamwona mvivu. Tiba yake ni ndogo kuliko mnavyodhani: ruhusa ya kudumu ya kutoka bila kuomba mbele ya darasa, chumba chenye komeo, beseni, maji safi na sabuni, na sweta la mwenzake. Sweta ndilo muhimu. Msichana wa dawati la nyuma akivua sweta lake na kumpitishia chini ya meza bila neno, amefanya kazi ya semina tatu. Na kama nyumbani kwake ni karibu, shule imwache awe wa kutwa hadi mtoto apate miezi sita na aanze uji, kisha arudi bwenini kitanda chake kikiwa bado chake.

Tano, simu. Simu zimekatazwa, sawa, sibishani. Lakini matroni anayo yake. Jumapili mchana, dakika tano, amsikie mtoto akilia au akicheka upande wa pili. Mtoto akiugua, ruhusa itoke siku hiyo hiyo. Kama mwanafunzi huruhusiwa kwenda kumzika babu, aruhusiwe kwenda kumpeleka zahanati mwanawe aliye hai.

Sita, acheni kuwapanga wasichana foleni kuwapima ujauzito kila wakirudi likizo. Mwaka 2022 Kamati ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto ya Umoja wa Afrika iliitaka Tanzania isitishe upimaji huo wa lazima. Tena unavunja kila kitu mlichojenga. Huwezi kumwambia msichana hapa ni kwenu, kisha ukampokea kwa kikopo cha mkojo.

Yapo pia mazingira ambayo bweni halimfai kabisa. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inaendesha masomo ya sekondari kwa waliokatiza, na vyuo vya maendeleo ya wananchi vina mpango wa Elimu Haina Mwisho kwa ajili ya wasichana hao hao. Mwelezeni njia hizo zote na mumwachie achague. Kumwelekeza huko ili kumwondoa machoni penu ni kumfukuza kwa adabu.

Bomba, godoro na siku za mwezi

Foleni ya bombani asubuhi ndipo sheria za kweli za bweni zinapoandikwa. Wakubwa wanaweka ndoo mbele, njuka anarudishwa nyuma, kengele inalia, anakwenda mstarini bila kuoga, anachapwa kwa uchafu. Wekeni zamu kwa namba za vitanda. Kiranja wa maji naye ana namba yake, na hairuki.

Mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike. Mwaka uliofuata ikairudisha, kwa maelezo kwamba bei haikushuka. Kwa hiyo wapo wasichana ambao hadi leo pakiti moja ni hesabu ya kupiga nyumbani. Sanduku la pedi likae mahali ambapo mtu anachukua bila kujieleza: ndani ya choo, si mezani kwa matroni wala kwenye kabati la mwalimu wa zamu wa kiume. Anayechafuka darasani afunikwe kwa kanga ya darasa. Kila darasa liwe na kanga moja, imekunjwa, kwenye droo ya mwalimu.

Na yule anayekojoa kitandani. Yupo kila bweni, na kila bweni linamjua kwa sababu godoro lake huanikwa uwanjani mchana kweupe. Apewe kitanda cha chini, mpira wa kutandikia, na rafiki au matroni wa kumwamsha usiku wa manane. Godoro lianikwe nyuma ya jengo pamoja na mengine. Wiki hiyo anikeni yote, wadudu nao wafe. Wapo wanaokojoa kwa hofu, na hofu ikiisha nako huisha. Lakini kama ni msichana aliyejifungua na mkojo unamtoka mchana na usiku bila kujizuia, hiyo si tabia wala woga. Inaweza kuwa fistula, inatibika, na hospitali ya CCBRT Dar es Salaam huitibu bila malipo. Nimesikia wasichana wakihamishwa mabweni kwa sababu ya harufu kabla mtu yeyote hajawaza kuwapeleka kwa daktari. Matroni akinusa, aulize. Aulize kwa upole, faraghani, na siku hiyo hiyo.

Yale mengine, kwa haraka

Msichana mwenye ualbino akae dawati la mbele, avae kofia na mikono mirefu hata kama sare ya shule hairuhusu, na zamu yake ya kufagia iwe alfajiri kabla ya jua. Binti wa Kiislamu apewe daku mwezi wa Ramadhani na mahali pa kuswalia penye mkeka safi. Msabato asipangiwe kufyeka Jumamosi. Anayetembea kwa magongo apate bweni la chini na choo cha kukalia. Haya hayana mjadala, ni ratiba tu, na mwalimu wa taaluma anaweza kuyapanga mchana mmoja.

Siku ya kutembelewa

Jumapili hiyo ndiyo inayogawa shule kuliko mitihani. Upande huu chini ya mti kuna chipsi kuku, soda na shangazi watatu. Upande ule, kwenye ngazi za bweni, kuna wasichana wanaojifanya wanafua. Binti wa Kamsamba hatembelewi. Masika barabara za Momba huwa tope, na nauli ya mzazi kuja na kurudi ni ada ya mdogo wake.

Jiko lipike wali na nyama siku hiyo kwa shule nzima, chakula kile kile kwenye sahani zile zile. Wazazi waambiwe mapema kwenye kikao kwamba anayeleta, alete cha wawili, na binti yake amwite mwenzake waketi mkeka mmoja. Kina mama wa Tunduma ninaowafahamu hawatahitaji kuambiwa mara ya pili. Shida yao ni kwamba hakuna aliyewaambia mara ya kwanza. Mgeni asiyekuwa na mtoto wa kumtembelea, awe mchungaji, muuguzi wa zahanati au mwanafunzi aliyemaliza zamani, naye aalikwe, apewe majina matatu ya wasiotembelewa, na kiti.

Uongozi

Mwishoni kabisa, angalieni nani anashika nini. Viranja wote wakiwa wametoka mjini, kabila moja, inglishi midiamu, mmeshawajibu wengine hata kama hawajauliza. Aliyerudi baada ya kujifungua asipewe tu ukiranja wa afya, kana kwamba hana lingine analolijua. Msichana aliyelea mtoto huku anapitia somo la kemia anajua kupanga muda kuliko baraza zima. Akitaka kugombea udada mkuu, fomu ziko kwa mwalimu wa nidhamu. Ajaze, apewe dakika zake za kujinadi mstarini kama wagombea wengine, na kura zihesabiwe hadharani, ubaoni, kwa chaki.